Prizi Kubwa Kuliko Mlango

Jamani, hii siisimulii kwa furaha, na mnisubiri nimalize ndipo mcheke, maana hapa Kasongo mpaka leo siwezi kupita mbele ya parokia bila mtu wa pikipiki kunipigia kelele, "Prizi! Prizi, unaenda wapi?", wakati jina langu ni Ramazani na wazazi wangu walichinja mbuzi mzima siku ya kunipa.

Parokia ilitaka kujenga sale mpya, ukumbi wa mikutano, na mimi ndiyo kwanza nimerudi kutoka Kindu na kompyuta yenye programu ya kuchorea nyumba (na mdomo mrefu kuliko programu yenyewe). Kwenye komite kulikuwa na waliosema haiwezekani, mtoto wa Kiislamu atuchoree sale ya kanisa, kwani mafundi wetu wameisha? Aliyenitetea ni Papa Dieudonné, mwenyekiti wao, jirani yetu wa siku nyingi. Akawaambia, "Huyu mutoto wa Mama Zaina ninamujua toka anatambaa. Akiharibu, mimi ndiye nimeharibu." Basi kazi ikawa yangu, lakini jina lililowekwa rehani lilikuwa lake.

Jumamosi nikampelekea plani nyumbani kwake aione kabla ya wengine. Akaishika mbali, akaileta karibu, akaigeuzia kwenye jua. "Prizi ziko wapi?" (prizi ni yale matundu ya ukutani tunayochomekea chaji na redio). Nikamwonyesha. Akasema, "Eee, minaona," na kidole chake kiko juu ya choo. Mzee haambiwi macho yake yamechoka. Nikarudi zangu, nikafungua kompyuta, nikachagua prizi zote, nikazikuza, nikazikuza tena, nikaprinti vipande vipande na kuviunganisha kwa utepe wa skochi, na betri ilipoanza kulia nikafunga bila kuangalia kitu kingine. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Jumapili misa ikaisha, plani ikabandikwa ukutani kwenye sale ya zamani, watu wakasogea. Sasa, kwenye michoro alama ya prizi ni nusu duara yenye kimstari mgongoni, na mambo yote ya umeme programu yangu inayachora kwa kijani. Ikiwa ndogo, hakuna anayeishughulikia. Ikiwa kubwa kama kiganja, ndugu zangu, ni mwezi mwandamo. Miezi ya kijani huku na huku kwenye kuta za kanisa la watu, na mmoja umekaa pale pale atakaposimama padri.

Mama Feza, kiongozi wa korali, mama ambaye sauti yake haijawahi kuhitaji mikro, akauliza, "Ramazani, sisi tuliomba sale. Weye umetuchorea musikiti?"

Nikacheka, nikacheka peke yangu. "Hapana Mama, hizi ni prizi."

"Prizi? Mbona iko mwezi kabisa! Tuanze kufunga lini?"

Waliokuwa hawanitaki wakaanza kutikisa vichwa, na waliyekuwa wanamtazama si mimi, ni Papa Dieudonné. Nikasema ngojeni, nitawaonyesha sale yenyewe itakavyokuwa ndani, mtaona prizi ni prizi, nikachomeka kompyuta, jenereta ikakohoa, projekteri ikatupa picha ukutani (na mimi huyo nimejaa tabasamu, mpumbavu).

Kumbe programu haikukuza alama peke yake, ilikuza na prizi zenyewe! Kila moja ilikuwa ndefu kuliko mlango, nyeupe, matundu mawili kama macho na kichuma chake kama pua, safu nzima ya nyuso zimesimama zinatukodolea. Watoto wakapiga kelele. Mama mmoja akafanya ishara ya msalaba. Mzee aliyekaa nyuma akasema polepole, "Hizo ziko maski za wakubwa wetu wa zamani, minazijua."

Nilitamani ardhi ipasuke. Ningeweza kusema kwa nini nilizikuza, neno lilifika mpaka kwenye meno, lakini kumtetea Ramazani kungekuwa kumvua nguo mzee mbele ya watu wake. Nikalimeza. "Kosa ni langu," nikasema, nikainama kuchomoa waya.

Papa Dieudonné akainuka. Akaenda mpaka kwenye plani ya karatasi, akaweka kidole juu ya mwezi mmoja, sawasawa kabisa, halafu juu ya mwingine, halafu mwingine tena. "Hii iko prizi. Hii nayo. Hii nayo. Siku zote munaniletea makaratasi, ninasema minaona. Sikukuwa ninaona. Leo ndiyo ninaona." Akamgeukia Mama Feza. "Na minaona pale korali itakaa, hapa, hakuna prizi hata moja. Piano yenu mutaichomeka wapi?"

Mama Feza akasogea, akaangalia, akaangalia tena. "Yesu wangu, ni kweli! Ramazani, ututilie mwezi mumoja hapa!"

Walicheka mpaka padri akakaa chini, na mimi nikacheka nao.

Sale imejengwa, prizi zake ni ndogo kama za watu wote, na ile ya korali ipo. Nimeapa sitakuza tena hata msumari kwenye plani ya mtu. Ila kila kazi ninayopata natoa nakala moja ya pembeni, prizi zake zikiwa miezi mitupu, naipeleka kwa Papa Dieudonné kabla ya mtu yeyote, anazigusa moja moja na kidole, na hakosi hata moja.