Dokta wa Majani na Mbeni ya Misumari

"Mizizi yangu haiozaka hata siku moja! Mwenye kubisha akuye hapa!"

Kalaba alitangaza vile siku ya Pasaka 1951, mbele ya mutaa muzima wa weusi, Cité Kenya, ndani ya kabuti nyeupe, shingoni mupira wa baiskeli kama kile chombo cha kusikiliza moyo. Katika ngoma ya mbeni, yenye kuiga wazungu, kila mutu ana cheo: kuna kingi, yaani mufalme, kuna gavana, na yeye alikuwa dokta. Kazi yake ya kweli ilikuwa kutunza majani ya golf ya wazungu. Watu walipiga makofi. Majani hayakuwa pale, hayakusikia.

Wiki tatu baadaye, tundu la saba, yaani kiwanja cha majani kinachozunguka shimo la saba la golf, likatoka madoa ya kahawia. Kalaba akachimba kwa kisu: mizizi myeusi, inanuka kama soksi ya polisi.

Segeretere, yaani katibu, wa club ya golf, Bwana Vandeput, alikuwa na dawa moja tu: maji. Majani ya kijani, maji. Ya manjano, maji mara mbili, tena jioni.

"Coupe ya mashindano iko mwezi wa sita," alisema. "Majani ikikufa, weye unatoka. Na nyumba ya club unarudisha."

Nyumba yenyewe vyumba viwili vya matofali, na watoto sita ndani.

"Dokta," mke wake Hortense alimuuliza wakila bukari, ugali wao, "mugonjwa anaendelea namna gani?"

"Nyamaza, mama Brigitte."

"Miye lengalenga yangu, muchicha ule wa nyuma ya nyumba, inakunywaka maji asubui tu. Udongo ikikazana, natoboa na uma, mizizi inapumua. Lakini miye haiko dokta."

Asubuhi Kalaba aliiba uma ule, akatoboa kona moja. Siku kumi zilipopita, kona ile ilikuwa na mizizi myeupe. Shida: tundu la saba lilikuwa pana kama kanisa, na uma ulikuwa mumoja.

Basi akawaendea wachezaji wa mbeni, wanaume thelathini wanaokanyaga udongo kila Jumapili bila kulipwa. Chini ya kila kiatu akafunga ubao wa misumari kumi. Saa wazungu wako misa, ngoma ikalia pale tundu la saba.

"Nyanyua muguu juu!" Kalaba aliamuru. "Usiburute, utapasua majani!"

"Tangu lini kingi anatoboa udongo?" alilalamika Stanislas, kingi wao.

"Kingi wa kilo mia moja ndiye dawa yenyewe, mukubwa. Kanyaga!"

Kumbe Vandeput hakuwa mutu wa misa.

"Kalaba! Ni vita?"

Wote walitaka kukimbia, lakini misumari iliwashika. Kingi akaanguka na matako. Kalaba akaokota mabonge mawili ya udongo.

"Bwana, nusa."

Vandeput alinusa bonge la mizizi myeusi, akajuta. Akanusa la kona iliyotobolewa: udongo tu.

"Tunatoboa, tunaacha maji ya jioni," Kalaba alisema. " Majani ikikufa, nyumba iko yenu."

Segeretere aliangalia mizizi, akaangalia kingi aliyekuwa bado chini.

"Muendelee. Lakini bila ngoma."

Bila ngoma walikanyagana wenyewe kwa wenyewe. Ngoma ikarudishwa.

Siku ya coupe tundu la saba lilikuwa kijani kabisa, na Kalaba akabaki na nyumba yake. Vandeput aliwaambia wageni kwamba akili ya kutoboa ilitoka kwake. Na ili asione tena kingi amekaa juu ya majani yake, aliagiza kutoka Ubelgiji rouleau, pipa la chuma lenye miba la kubiringisha, la kuvutwa na watu wawili. Bei: faranga elfu sita mia nne; mbeni ilikuwa ya bure.