Rambirambi za Aliye Hai

Shangazi yangu yu hai, namshukuru Mungu, na hivi ninavyoandika yuko chumba cha pili anagombana na cherehani yake. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu kuna watu kumi na mmoja waliowahi kumlilia, na aliyewaliza ni mimi.

Nafanya kazi chumba cha kufulia cha hospitali. Mashuka huja yamefungwa mabunda, tunayatenga kwa madoa, tunayachemsha, tunayakamua, kisha yanakwenda kwa Mama Pasi, mwanamke wa miraba minne anayeendesha mashine ya kunyoosha na anayejua habari za kila mtu. Mimi wananiita Redio. Naimba tangu naingia hadi natoka, na mashine zikinguruma ndipo naongeza sauti. Basi lilipotangazwa tamasha kubwa la muziki, siku tatu, bendi kumi na nane, mtu kama mimi angekaa nyumbani? Nilinunua mapema tiketi ya Jumamosi, siku ya mwisho, ambayo bendi niliyoipenda tangu utotoni ingepanda jukwaani. Kisha ratiba ya zamu ikabandikwa mlangoni: Jumamosi, Redio kazini.

Nilimwomba Mkuu wa Zamu ruhusa. Akasema wagonjwa hawaachi kulalia mashuka eti kwa sababu kuna ngoma. Alisema kweli, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

Ijumaa asubuhi nikamuua Shangazi.

Ningeweza kusema nina homa, lakini mfanyakazi wa hospitali akisema ana homa anapelekwa ghorofa ya juu kupimwa. Msiba haupimwi. Nilisimama mbele ya meza ya Mkuu nikasema shangazi aliyenilea amefariki. Nilidhani itanibidi nijikamue machozi. Yalikuja yenyewe, na maneno nayo yakafuata, sijui yalikuwa yamejificha wapi siku zote. Nilisema alinichukua nikiwa na miaka minne, wazazi wangu walipokufa. Nilisema alishona sare za watoto wa watu mchana kutwa, kisha ya kwangu akaiunga kwa vipande vilivyobaki, akiificha mishono ili wenzangu wasinicheke. Nilisema na mengine, ambayo Shangazi mwenyewe sikuwahi kumwambia. Mama Pasi akazima mashine. Mkuu akavua miwani. Nikapewa siku tatu.

Jumamosi nilimuaga Shangazi kwamba nakwenda kazini. Aproni nilikuwa nayo mkobani, ili uongo uwe na vazi.

Uwanjani walinifunga utepe wa njano mkononi. Saa ya kwanza sikufaidi chochote. Kila mama wa makamo aliyepita na ndoo ya maji ya kuuza, mwendo wake ulikuwa wa Shangazi. Nikajilaumu, nikajiambia nirudi nyumbani, nikanunua soda badala yake. Halafu bendi yangu ikapanda, gitaa likalia, nami nikasahau. Nilicheza hadi kiatu kimoja kikakatika. Natamani ningesema sikufurahi, ingenipunguzia aibu. Nilifurahi sana.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia kwenye kizingiti chetu, jua likiwa linazama. Viti vya jirani vilikuwa vimepangwa ukutani, na Shangazi alikuwa ameinamia beseni, anaosha vikombe. Vikombe kumi na kimoja. Nikavuta mkono wa blauzi kuufunika utepe.

"Pole na msiba, mwanangu," akasema bila kugeuka.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ardhi ikakataa.

"Wamebisha hodi saa tisa," akaendelea. "Nafungua mlango, namwona mama mmoja mnene analia hata sijamkaribisha. Ananiambia wamekuja kwa ajili ya msiba wa shangazi yake Redio. Nikajiangalia miguu kama bado inagusa chini."

"Shangazi..."

"Ngoja nimalize. Nikasema, mimi ni mdogo wake marehemu, karibuni ndani. Nikafunika kombe mwanaharamu apite. Wewe nikasema umeenda kununua sanda. Wameleta sukari na majani ya chai, nikawachemshia. Chai ya matanga yangu nimeipika mwenyewe, na nimeambiwa ni tamu."

Wakati mwingine wowote tungecheka mpaka tukashika mbavu. Nilisimama na kiatu changu kibovu, sina pa kuweka uso.

Akapangusa kikombe cha mwisho, akakaa.

"Yule mwenye pasi amenihadithia yote uliyosema kazini. Habari ya sare, na vile vipande. Mimi nilidhani mishono ile hukuiona." Akakunja kitambaa alichopangusia. "Miaka yote hii sijasikia hata nusu ya maneno yale. Kumbe ilibidi nife kwanza."

"Nisamehe, Shangazi."

"Msamaha tutauzungumza. Kwanza niambie na mimi. Hayo uliyowaambia wao."

Nikafungua mdomo. Mimi, ninayeshindana na mashine kwa sauti, sikupata hata neno moja. Nilimtazama yeye, nikatazama vidole vyangu. Akainuka kwenda kupakua chakula.

"Haya. Lakini Jumatatu utawaambia mwenyewe kwamba nipo. Mimi nimeshakufa mara moja, inatosha."

Niliwaambia. Nilipewa onyo la maandishi, na Mama Pasi alininunia mwezi mzima. Siku hizi mtu wa idara yetu akifiwa, hudaiwa cheti cha kifo kabla ya kupewa ruhusa. Mzee wa boila, anayetuchemshia maji ya kufulia, alifiwa na mkewe, akasimama pale mezani anajipapasa mifuko akitafuta karatasi, nami nikimwona. Onyo nililisahau. Hilo halijanitoka.

Lakini nirudi Jumamosi ile, maana aibu yenyewe ilikuwa bado jikoni. Shangazi aliniwekea wali na maharage sahani tele, kisha, kama desturi yake, akachukua kijiko akaanza kukwangua ukoko chini ya sufuria ale yeye. Tangu utoto wangu husema, "Mimi napenda ukoko." Safari hii hakusema. Alikwangua tu.

Nikaichukua ile sufuria mikononi mwake, nikajikwangulia mimi, sahani yangu nikaisogeza upande wake. Utepe wa njano ukachomoza. Akauona, akaachana nao.

"Na hili la ukoko pia umewaambia," akasema. "Kwamba siupendi. Kwamba nilikuwa nakula huo ili wewe ushibe."

"Ndiyo."

"Ulijua tangu lini?"

Ningeweza kudanganya, nilikuwa nimeshapata uzoefu. Nikamwambia kweli.

"Tangu darasa la tatu."

Alinitazama kwa muda mrefu, nadhani anahesabu miaka. Kisha akaivuta sahani, akaanza kula wali mweupe polepole, nami nikatafuna ukoko bila kuinua macho.