Niliwashangilia Waajemi

Mimi ni mtu wa kochi. Kunitoa kwenye fleti yetu hapa Alexandria ni shughuli. Lakini binti yangu Salma alikuwa anaigiza shuleni vita vya kale vya Wagiriki na Waajemi, akaniomba: "Mama, uje. Ila tafadhali, usinitie aibu."

Yuko upande gani, sikuuliza. Kwetu Unguja tunajiita Washirazi, watu wenye asili ya Uajemi, na bibi yake amemjaza hayo tangu mdogo. Awe Mgiriki kwa lipi?

Nikakaa mstari wa mbele. Wote wamevaa helmeti za maboksi zilizowafunika nyuso, nami najisifu kwamba mwanangu namjua kwa mwendo tu. Mara Mwajemi mmoja mwenye madaha akamchoma mkuki Mgiriki, Mgiriki akaanguka chali. Nikasimama, nikapiga vigelegele hadi ukumbi mzima ukanigeukia.

"Mmalize, mwanangu! Hiyo ndiyo damu ya Shirazi!"

Maiti ikainuka, ikavua helmeti. Alikuwa Salma, anajiuma midomo asicheke.

"Mama, kaa chini. Huyo ni Kevin. Mwanao ni mimi, na nimeshakufa."