Habari za Kichwa Njiani Himalaya

Dallas hakuna mlima. Mimi nilifanyia mazoezi kwenye ngazi za jengo la kuegesha magari karibu na ofisi yetu Richardson. Dada yangu, muuguzi kule Houston, alipanda za hospitali yao baada ya zamu, na tulipigiana simu tukihema. Wikendi moja alipokuja kwangu Lewisville alinifundisha kipimo. Juu sana milimani, alisema, ubongo wa mtu unaweza kuvimba. Mwambie atembee juu ya mstari, kisigino kikigusa vidole. Akiyumba, ashushwe papo hapo; akilala hivyo huenda asiamke. Tulijaribu kwenye mstari wa manjano wa maegesho, yeye akijifanya mlevi, mlinzi akitukodolea macho.

Miezi michache baadaye tulikuwa Nepal, tukipanda kuelekea kambi iliyo chini ya kilele. Mwongozaji wetu, mwanamume mpole mzaliwa wa milima ile, alitaka kujua kwetu tunasalimianaje. Tukamfundisha: "Habari?" Akaipenda. Kila alipopita kukagua afya zetu aliuliza hivyo, dada akajibu "Nzuri sana," naye akaendelea na wengine wa kundi letu ameridhika.

Hatukumweleza kwamba kwetu hilo ni jibu la kwanza tu. Nimewahi kumsikia shangazi kwenye simu akisema "Nzuri," akaulizia watoto, akaulizia mvua, ndipo akatangaza msiba.

Siku moja kabla ya kufika kambini tuliingia mapema katika nyumba ya wageni ya mawe. Dada hakugusa supu. Alivaa glavu ya kulia mkono wa kushoto, akaivua, akaivaa vilevile tena. Mwongozaji akafika mezani.

"Habari?"

"Nzuri sana."

Akapita. Mimi nikasogeza kiti.

"Dada, habari za miguu?"

"Miguu ipo."

"Za usingizi?"

"Nililala."

"Za kichwa?"

"Wee, usinianze. Umekuwa matroni lini?"

"Habari za kichwa, dada?"

Akatazama supu. "Kinapasuka," alisema. "Tangu jana. Lakini kesho tunafika, kijana. Kanisa zima limeniombea. Nikirudi Houston nitawaambia nini?"

Sakafu ilikuwa ya mbao. Nikamwonyesha ufa ulionyooka hadi mlangoni.

"Tembea hapo."

"Mbele ya wageni wote hawa?"

"Mbele yao."

Hatua ya kwanza ilikaa juu ya ufa. Ya pili ilienda pembeni, akadaka bega la mzee mmoja aliyekuwa akila. Nilingoja acheke, kama alivyocheka kule kwenye maegesho. Alikuwa akiitazama miguu yake kama ya mgonjwa aliyeletwa sasa hivi.

"Mwite," akasema.

Tulianza kushuka jua lingali juu, mwongozaji akimshika upande huu, mimi ule. Mawe yalikuwa yamelegea na kila alipojikwaa tulijikwaa sote watatu. Alitapika, tukamfuta, tukaendelea. Kisha akaniuliza kwa utulivu kabisa gari tumeliacha ghorofa ya ngapi.

"Ya chini," nikamwambia. "Tunashuka kulichukua."

"Harakisha basi, nina zamu."

Baada ya muda akauliza tena. Mwongozaji hakuelewa maneno, ila alinitazama usoni na akaongeza mwendo.

"Aliniambia nzuri," alisema baadaye kwa Kiingereza, pumzi zikimkatika. "Kila siku, nzuri." Nikamweleza habari ya jibu la kwanza. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akaniambia niangalie ninapokanyaga.

Bondeni, kwenye kijiji tulichokuwa tumekipita, dada alilala nami nikiwa macho kando yake. Asubuhi alikunywa chai, akalalamika haina tangawizi, na kila glavu ilikuwa kwenye mkono wake sahihi. Mlima ulikuwa nyuma ya mawingu; hakuutafuta.

Mwongozaji akaja.

"Habari?"

"Nzuri," dada akasema.

Mwongozaji hakuondoka. Alivuta kiti, akaketi mbele yake, akaweka mikono magotini na kusubiri.