Juu ya Kichwa cha Baba Mkwe

Miaka ya tisini, halmashauri ilipotaka kujenga mtaa mpya kwenye nyasi zilizo kati ya Sotik na mashamba ya chai, mimi nilikuwa mzee wa kanisa, na kila kikao nilikifungua kwa maombi. Namshukuru Mungu kwa mengi. Kwa vikao vile, bado najitahidi.

Binti yangu alikuwa amefiwa na mumewe na kurudi nyumbani na mtoto mchanga na cherehani. Shamba langu nilikuwa nimeshawagawia ndugu zake. Kwa hiyo afisa wa mipango aliposema kila ploti itakuwa na duka chini na nyumba juu, binti yangu aliniangalia kutoka nyuma walikokaa akina mama. Ashone chini, mtoto alale juu. Hakutaka zaidi ya hapo.

Ndipo jirani yangu, mzee mwenzangu, akasimama. "Nikikaa dukani, nani atakuwa juu?"

"Familia yako, mzee."

"Pamoja na mke wa mwanangu?"

"Ndiyo."

"Basi atakuwa akitembea juu ya kichwa changu."

Wazee wakaguna. Kwetu mke wa mwana hapiti hata karibu na kiti cha baba mkwe. Afisa, mgeni kwetu, alidhani wanaogopa sakafu kuanguka. Akatueleza habari za nondo na saruji mpaka chai ikapoa.

"Mzee, wewe kaa juu, yeye auze dukani," akasema mfanyabiashara mmoja wa kutoka upande wa ziwa.

"Na magoti yangu utayapandisha wewe?"

Watu wakacheka. Binti yangu akasimama. "Wazee wangu, baba mkwe wangu ni marehemu. Nitakanyaga kichwa cha nani?"

Ikaamuliwa ramani ichorwe upya. Nikafunga kwa maombi.

Ramani ya pili iliweka maduka ng'ambo ya barabara, mbali na nyumba. Sasa akina mama wakauliza nani atawaangalia watoto. Ikarudishwa. Nikafungua, nikafunga, na katikati hapakuwa na kitu. Vigingi vya wapima ardhi tukavitumia kufungia ndama.

Binti yangu hakungoja ramani ya tatu. Alipanga chumba sokoni Mulot, cherehani barazani, kitanda nyuma ya pazia. Nilipomtembelea nilimwambia mambo ya Mungu hayaharakishwi.

"Ya Mungu, sawa, baba," akasema, akipinda upindo wa sketi ya shule. "Lakini hayo yalikuwa ya wazee."

Nikafungua Biblia, nikaifunga. Nikanywa chai.