Ukuta wa Eusebia

Mvua za Februari pale Majengo, Songea, zilinuka udongo mwekundu na moshi wa kuni mbichi za mkaratusi. Nilipokuwa darasa la tano iliongezeka harufu nyingine, ya karata zilizoingia unyevu. Sista mmoja mgeni, alipomaliza muda wake parokiani, alituachia kasha la karata zenye picha za Biblia, nasi tukazicheza sebuleni kwa bibi yangu wakati mawingu yameufunika mlima wa Matogoro kama sanda.

Mchezo wenyewe si mgumu, nitakueleza. Kila mchezaji ana Sanduku la Agano lake mezani, na mwenzake hutuma mashujaa kuliteka. Mbele ya Sanduku unaruhusiwa kuweka karata ya ulinzi. Wanaoanza hukosea hapo: huona ukuta, wakaurushia mashujaa wao mmoja baada ya mwingine hadi wakaisha. Ulinzi haushindwi kwa nguvu. Kila mmoja una kitu chake kinachouangusha: bahari hugawanywa na Fimbo, Ukuta wa Yeriko huanguka kwa Baragumu. Kwa hiyo unatulia, unatunza karata yako, unasubiri. Subira yavuta heri, tulifundishwa. Hatukufundishwa kwamba huvuta na mengine.

Shida tuliileta wenyewe. Kwenye jumuiya, kabla ya rozari, wakubwa hutaja nia, yaani wanamwombea nani na kwa jambo gani. Nasi tukaona si vizuri kushika picha za watakatifu hivihivi, tukaanza kutaja nia kabla ya kila mchezo. Mwanzoni zilikuwa nia za kitoto: mtihani wa hesabu, kuku wa bibi aliyepotea. Kuku alirudi jioni ileile niliposhinda mchezo nilioutajia nia hiyo. Tangu hapo hakuna aliyecheka nia zikitajwa.

Eusebia wa nyumba ya jirani alikuwa hodari kuliko sisi sote, na mdomo wake haukulala. Nikikawia kucheza aliniambia nashika karata kama nimeiba kuku. Mwezi ule mama yake alipelekwa hospitali ya mbali, upande wa Tunduru, baada ya kuficha uvimbe kwa muda mrefu. Mficha maradhi kifo humuumbua, bibi alimnong'oneza mgeni wake, kisha akanyamaza ghafla, kwa sababu Eusebia alikuwa mlangoni akimwamkia shikamoo. Alikuja tucheze.

Aliketi, akataja nia kwa sauti ya kawaida: mama apone. Halafu akaweka Ukuta wa Yeriko mbele ya Sanduku lake. Mimi nilikuwa na Baragumu mkononi. Nikatuma shujaa dhaifu ukutani, akafa. Nikatuma mwingine. Eusebia akanitazama.

"Unalo," akasema.

"Sina."

"Unalo, mwenzangu. Ukinihurumia, nia haihesabiki. Litoe, nikushinde kihalali."

Mvua ilikuwa imekoma, mabati yakidondosha matone tu. Nikaliweka Baragumu mezani. Akaugeuza Ukuta wake kifudifudi kwa mikono miwili, taratibu, kama anayelaza mtoto. Zamu iliyofuata nikaliteka Sanduku lake, na kabla hatujakusanya karata baba yake akaingia bila kubisha hodi, akamwomba bibi watoke nje kidogo.

Simu ilikuwa imempa habari. Mama Eusebia alifariki alfajiri, kabla hatujagawa karata hata moja. Bibi alirudia kuniambia maneno hayo mara nyingi, nami niliyaelewa. Msibani Eusebia alinishika mkono, akasema nilicheza vizuri. Sijawahi kumuuliza alimaanisha nini, ingawa tumezeeka tukipigiana simu.

Siku hizi nafundisha watoto dini parokiani, na wanacheza karata kama zile, ila zao ni za Kiswahili, zinang'aa. Ninawaeleza polepole ulinzi upi huangushwa na nini, tena nawaeleza kwamba karata ni karatasi, uhai wa mtu haumo. Naliamini hilo. Juzi binti mmoja aliinamisha kichwa juu ya karata zake, akaanza, "Nia yangu leo..." Nikamkatiza, nikasema nia tutazitaja kanisani. Akauliza kwa nini. Mimi ambaye huwaeleza kila kitu, nikamwambia agawe karata.