Msumari wa Mgeni

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kusimamia nyumba niliambiwa kwamba mgeni akipigilia msumari wa chandarua katika chumba cha kupanga, sheria inamhesabu kuwa mpangaji, na hakuna wa kumtoa mpaka afe. Niliamini. Niliamini kuliko mbili jumlisha mbili, ambayo nayo nilikuwa bado naisomea katika shule ya jioni.

Aliyeniambia alikuwa Msimamizi Mkuu, mtu mwenye sauti ya kuamsha maiti, aliyeangalia nyumba kadhaa za bosi mmoja pale Kariakoo. Alinikabidhi shada la funguo zito kiasi kwamba nilitembea nimeinama upande mwezi mzima. Kisha akagusa ukuta wa korido.

"Bosi hataki misumari humu. Unajua kwa nini?"

"Sijui, mzee."

"Ilala kuna mtu alimkaribisha shemeji yake siku mbili. Shemeji akapiga msumari mmoja, akatundika chandarua. Leo shemeji ndiye anayempangisha yeye."

Nikamuuliza muuza kahawa wa barazani. Akasema shemeji huyo anamjua vizuri, hunywa kahawa kwake. Sasa hapo nitake ushahidi gani tena?

Vijana wanaosoma haya wengine wamezaliwa ghorofani, kwa hiyo nieleze kidogo. Nyumba ya Kiswahili ina korido katikati, vyumba vinatazamana huku na huku kama wachumba wanaooneana haya, na nyuma kuna ua wenye bomba, jiko na choo cha wote. Kila chumba kina mpangaji wake. Msimamizi ni masikio ya mwenye nyumba na mdomo wa wapangaji. Anapanga zamu za kufagia, anabadilisha balbu, anaamua nani kamaliza maji ya pipa. Kesi moja ya pipa niliyoiamua mimi ilijaza watu kuliko mechi ya watani wa jadi.

Bosi mwenyewe alikuwa na duka la vitambaa mtaa wa pili. Familia yake, Wahindu wa Kariakoo tangu enzi za babu yao, ilijulikana na kila mtu. Maneno aliyasema kwa kipimo, kama anavyokata kitambaa. Aliposikia nasoma jioni, alisema tu, "Basi saa kumi funga kazi, uwahi darasani." Neno hilo moja ndilo lililonifikisha cheti, na ndiyo maana leo naandika haya kwa mkono wangu mwenyewe.

Kiangazi kimoja maji yakawa ya shida, na bosi akaleta sharti jipya. Msimamizi Mkuu alilitangaza kwa mdomo, amesimama katikati ya korido: kuanzia leo mgeni haruhusiwi kulala. Wiki hiyo hiyo akafika mama yake Salma.

Salma alikuwa mpangaji wa chumba cha mwisho, muuza viatu vya mitumba Mchikichini. Mama yake alitoka Newala na kidonda cha mguu kisichofunga. Hospitali walimtaka arudi mara kwa mara kusafishwa, wakasema wazi kwamba kidonda kile kikiachwa, mguu utakatwa. Ndugu mwingine mjini hawakuwa naye. Akitoka chumbani kwa Salma, ni kurudi Newala na kidonda chake.

Nilikuwa uani nikasikia ko, ko, ko. Nilikimbia kama nyumba inawaka. Nikamkuta bi mkubwa amesimama juu ya kigoda, nyundo mkononi, mguu umefungwa bandeji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nishikie hiyo kamba."

Nikaishika kabla sijakumbuka kazi yangu. "Mama, msumari huo umeupiga wewe?"

"Sasa kaupiga nani? Kinachouma ni mguu, mikono mizima."

"Unajua umefanya nini lakini?"

"Nimetundika chandarua. Mbu wa kwenu hawa wakubwa, wamebakiza kupiga hodi."

Msimamizi Mkuu alipouona msumari alishika kichwa. Akaniamuru: ikifika Ijumaa bibi awe ametoka, asipotoka nibadilishe kufuli. Jioni Salma akanikabili bombani.

"Kaka Mbaraka, mama yangu nimpeleke wapi? Nikamlaze kwenye meza ya viatu?"

"Dada, mimi natumwa tu."

"Haya, na mimi nakutuma. Nisindikize kwa mwenyekiti."

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa alikuwa mama mmoja mpole wa uso, si wa maneno. Kesho yake asubuhi alituita wote ofisini: bosi, Msimamizi Mkuu, Salma na mimi. Alikuwa anamenya chungwa, na hakuliacha.

"Bosi, mlipoandikiana mkataba na binti huyu, mlikubaliana mgeni asilale?"

"Hapana," alisema bosi. "Ni sharti jipya. Maji yanatusumbua."

"Ya maji tutazungumza. Ila mkataba haugeuzwi katikati na mtu mmoja. Ukishampangisha mtu chumba na kodi analipa, mwache akikalie kwa utulivu. Mama huyu ni mgeni wake, si wako. Akiharibu kitu, atawajibika binti. Ukitaka sharti la wageni, lilete mkataba ukiisha, mkubaliane au mwachane." Akamgeukia Msimamizi Mkuu. "Na wewe wa kufuli, mpangaji hatolewi kwa kufuli. Anatolewa na mahakama."

"Lakini mwenyekiti, bibi kapiga msumari..."

"Apige asipige, mimi nazungumzia mkataba."

Bosi aliitikia kwa kichwa. "Sawa. Mama akae. Mbaraka, katafute pipa la pili."

Mama alikaa mpaka kidonda kikafunga, akaenda stendi kwa miguu yake yote miwili. Kila msimu alinitumia ming'oko, vile viazi pori vya kwao, mingi ya kulisha jeshi. Nami nikatoka katika kesi ile na somo langu: msumari umeshinda. Mwenyekiti asingeweza kulisema hilo mbele za watu, nikajua ni heshima ya ofisi.

Tangu hapo sikuacha kutembea na misumari mfukoni. Nilihamishiwa nyumba ya bosi ya Gerezani, baadaye nikapandishwa kusimamia ghorofa lake la Upanga, misumari nikahama nayo. Alipokuja mjomba wa mtu kutoka Lindi kutafuta kazi Feri, nilimpa msumari. Alipokuja mjamzito kujifungulia kwa dada yake, nilimpa miwili, mmoja wa mtoto. Wapangaji niliwaambia na yale ya mwenyekiti: ulizeni habari za wageni kabla hamjapokea ufunguo, msikubali sharti la koridoni, mgeni mtambulisheni kwa msimamizi kwa adabu, si kwa kuomba ruhusa. Hayo niliyaona mapambo tu. Hakuna mgeni wangu hata mmoja aliyetolewa, nami sifa zote niliupa msumari.

Siku niliyostaafu, bosi, ambaye sasa anatembelea mkongojo, alinifanyia chai na sambusa uani, katika nyumba ile ile ya kwanza. Salma alikuja na viatu vipya vya kunizawadia, siku hizi ana duka lake. Nikaona huu ndio wakati. Nikasimama, nikamshukuru bosi kwa saa kumi zake, nikamshukuru Salma kwa kunituma, mwisho nikatoa msumari mfukoni na kuwasimulia siri yote, tangu shemeji wa Ilala.

Hakuna aliyecheka. Bosi aliweka kikombe chini.

"Kumbe ni wewe," alisema.

"Mimi nini, bosi?"

"Mbaraka, kuta hizi ni za mawe na chokaa. Ukipiga msumari, plasta inadondoka. Nilikataza misumari kwa kila mtu, sababu ni hiyo tu." Akauchukua msumari mkononi mwangu, akautia kwenye mfuko wake wa shati. "Na mama yule alibaki kwa sababu chumba kilikuwa cha binti yake."